Bei ya Dada Punguza

Dada yangu hakai. Ukimwekea kiti atakishika mgongo, atakitikisa kuona kama miguu imekaza, atauliza kimenunuliwa wapi na kwa bei gani, kisha ataondoka zake na kukiacha kitupu katikati ya chumba. Chai anainywa akitembea. Nywele anasuka kwa mafungu, upande huu leo, upande ule kesho, na asubuhi inayoangukia katikati anafunga kitambaa na kwenda kazini kama kawaida. Mama yetu alizoea kusema huyu ni kiguu na njia wa kuzaliwa. Mimi niliyelala naye kitanda kimoja naongeza kwamba hata usingizini miguu yake ina safari.

Kazi yake ni kununua. Wapo wanaodhani hiyo si kazi, na mmoja wao nilikuwa mimi, mpaka nilipomfuata siku moja soko la jumla nikarudi nyumbani kichwa kinaniuma. Shule moja ya bweni ilimlipa aende pale kila alfajiri kuinunulia vitunguu, maharage, mchele, sabuni za kufulia, mifagio, balbu, na mwaka fulani hata kengele. Sokoni walimwita Punguza, kwa sababu hilo ndilo neno lililotangulia salamu kinywani mwake. Akitajiwa bei mbaya, punguza. Akitajiwa bei nzuri, punguza. Niliwahi kumpeleka zahanati anatetemeka kwa homa, muuguzi akamwambia sindano ni tano, naye, macho yamefumba na midomo imekauka, akasema, "Punguza, dada." Muuguzi alicheka mpaka akaweka sindano chini.

Sasa nieleze jambo la mshahara, maana bila hilo hutaelewa kilichotukuta. Nyumbani kwetu mshahara hatukuupima kwa noti, tuliupima kwa vyumba. Mshahara wa chumba kimoja ni ule unaolipa kodi ya chumba kimoja, ukawalisha waliomo, ukaisha. Wa dada ulikuwa huo. Na katika chumba chenyewe tulikuwemo mimi, yeye na cherehani yangu, kwa kuwa mimi ni fundi wa nguo na karakana yangu ndiyo hapohapo kitandani. Shemeji yangu alipofariki, dada alihamia kwangu na binti yake, mtoto mdogo tuliyemwita Mkia, kwa sababu tangu ajue kutembea alikuwa nyuma ya mama yake popote. Jumamosi alimfuata hadi sokoni, akashika pindo la gauni, na dada akisema punguza, sauti nyembamba ya nyuma ikarudia: punguza.

Mkia alilala chini, kwenye godoro dogo, miguu uvunguni mwa kitanda chetu kwa jinsi nafasi ilivyobana na kichwa uvunguni mwa cherehani. Asubuhi moja wifi yake dada, yaani shangazi wa mtoto, alikuja bila taarifa akamkuta hivyo, na sare ya shule imedondokewa mafuta ya mashine begani. Wifi hakugomba. Ningependa agombe, kwa sababu mimi ni mgomvi na ningepata la kumjibu. Alikunja tu nguo za mtoto, moja baada ya nyingine, huku machozi yakimlengalenga.

"Wifi," alimwambia dada, "mtoto ni wako, simchukui moja kwa moja. Siku ukimpatia chumba cha kulala, njoo umchukue hata kama ni usiku wa manane."

Maneno mazuri, na ya kweli pia, na ndiyo maana yaliuma. Dada aliwahi kuacha pesa ya chakula cha mchana ili awe na akiba ya chumba, akaugua, akiba ikaenda hospitali. Mwaka ukapita, ukaja mwingine. Halafu wifi akatuma ujumbe: mumewe amehamishwa kikazi mji wa mbali, shule zikifungwa wanahama. Kama chumba hakijapatikana, itabidi aende na mtoto.

Tangu siku hiyo dada hakuwa mtu wa kukaa naye. Aliamka kabla hajalala. Alipanga vyombo, akavipangua. Alifungua mlango kutazama nje, akaufunga, akaufungua tena kana kwamba chumba cha pili kilikuwa njiani kinakuja. Mimi nikamwambia, "Unanitia kizunguzungu, nitajishona kidole," naye akanijibu kwamba kidole kinapona.

Huko sokoni palikuwa na benchi. Lilikuwa la Mama Vitunguu, mwanamke mpana, mpole, mwenye sauti ya taratibu, aliyemuuzia dada vitunguu tangu siku yake ya kwanza kazini. Wanunuzi walikutana hapo mizigo ikipakiwa, wakanywa chai na kusengenya mabosi. Alikuwepo mama mmoja mnunuzi wa hospitali, na alikuwepo Suti, mnunuzi wa hoteli kubwa iliyo karibu na stesheni, aliyeitwa hivyo kwa sababu alivaa koti la suti hata katikati ya viazi. Asubuhi hiyo Suti aliwanunulia wote chai. Alikuwa anaaga.

"Naenda mgodini," alisema. "Huko ni vipuri tu, mabomba na nati. Vitunguu basi."

"Watakulipa vizuri?" dada akauliza, amesimama kama kawaida yake, kikombe mkononi.

Suti akataja. Akataja na anacholipwa hotelini, kwa jinsi mtu anayeondoka anavyokuwa na mdomo mwepesi. Dada alipiga hesabu kwa mtindo wa nyumbani kwetu. Hotelini pale Suti alikuwa analipwa vyumba vinne.

"Na wewe, Punguza, shuleni wanakupa ngapi?"

Dada akasema. Wote benchini wakatazama vikombe vyao. Hata Mama Vitunguu, ambaye dada alikuwa amemnyanyasa kila alfajiri kwa neno lile moja, aliinama akaanza kupanga vitunguu vilivyokwisha kupangwa.

"Hebu ngoja," dada akasema. "Hivi vitunguu unavyopeleka hotelini ni hivihivi?"

"Hivihivi."

"Kutoka kwa huyuhuyu?"

"Tena gunia la kwako na la kwangu huwa yanakaa pamoja. Leo limeshuka lako kwanza."

"Na bei tunayolipa?"

"Wewe unalipa ndogo kuliko mimi," Suti akakiri. "Mimi sina roho ya kumwambia mama wa watu punguza mara sita."

Mnunuzi wa hospitali akadakia kwamba yeye je, anayenunua glavu na dawa? "Mimi nikikosea, mtu anakufa. Suti akikosea, mgeni analalamika supu. Na bado ananizidi." Suti akajitetea kwamba si yeye aliyepanga. Kuna anayelipwa kwa cheti, kuna anayelipwa kwa sababu mjomba wake ni mhasibu, na wengine wanalipwa kwa kuwa mfuko wanaoubeba ni mnene. "Cheo chenyewe hubadilika," alisema. "Shuleni wewe ni mnunuzi. Hotelini mimi ni afisa manunuzi. Mgodini nitaitwa mtaalamu wa ugavi. Na nimelala palepale, nimeamka palepale."

Dada alirudi nyumbani akiwa amewaka. Alizunguka cherehani yangu kama pia. "Vitunguu ni vilevile!" alisema. Alisema akivua viatu, akasema akinawa, na nilipomwambia tule akasema tena. Wiki nzima nyumba yetu ilikuwa na wimbo huo mmoja. Lakini Suti, na Mungu ambariki kwa hili, alikuwa amepeleka jina la dada kwa meneja wa hoteli, na wiki ilipokwisha dada akaitwa kwenye usaili siku ya Ijumaa.

Nilimshonea blauzi mpya. Nilimwambia akae kitini mpaka mwisho, asiguse kitu cha mtu, asiulize bei ya mapazia. Mazungumzo yetu yote yalikuwa haya: akilipwa vyumba vitatu tu, achilia mbali vinne vya Suti, tunahamia vyumba viwili, mimi na cherehani cha nje, yeye na Mkia cha ndani, na kinachobaki kinalisha na kusomesha. Vitatu. Nilimfungia kitambaa kichwani nikamrudia sikioni: vitatu.

Yaliyotokea ndani alinisimulia mwenyewe, kwa kuigiza, na mengine nilimlazimisha kurudia kwa kuwa sikuamini.

Meneja alikuwa mwanamume mwembamba, mzungumzaji wa polepole, miwani imepandishwa kwenye paji la uso. Alimtembeza stoo. Dada alinusa mchele, akabonyeza ndoo ya mafuta, akasema sabuni hii mnapunjwa, inaisha haraka kwa kuwa imejaa maji. Meneja akatikisa kichwa kwa kuridhika. Walirudi ofisini, akakaa, na dada akakaa pia, ukingoni mwa kiti, mguu mmoja umeshaelekea mlangoni. Meneja akafungua faili, akafunga faili, akamtazama, akataja mshahara.

Vilikuwa vyumba vitatu. Vitatu kamili.

Na dada yangu akasema, "Punguza."

Mdomo ulitangulia. Miaka yote hiyo hakuwahi kusikia mtu aliyekaa upande wa pili akitaja bei bila yeye kutoa neno lile, na mwili haukujua kwamba leo bei ile ni ya kwake. Meneja akashusha miwani hadi machoni.

"Nipunguze?"

Mtu mwingine angeshtuka hapo. Lakini jinsi alivyoulizwa, kwa mshangao ule, ndivyo wauzaji wote wanavyouliza, na dada akachukulia huyu naye ni mkaidi kama wengine. Akaegemea mezani. "Punguza kidogo, mzee, tufanye biashara. Mimi si wa kuja leo na kupotea, mimi ni mteja wako wa kila siku."

Meneja akachukua kalamu, akakata, akaandika tarakimu nyingine. "Haya," alisema. "Nimepunguza." Akamgeuzia karatasi aone. Chumba kimoja na nusu.

Na hapa ndipo nilipomlazimisha kurudia, maana niliona haya kwa niaba yake. Dada alifurahi. Kwa muda wa kufumba na kufumbua alijisikia mshindi, kama aliyeshusha gunia kwa nusu ya bei. Alisimama, akampa mkono, akamwambia asante sana, Mungu akuzidishie. Meneja akamwambia aje Jumatatu mkataba utakuwa tayari. Dada alitoka, akapita mapokezi kifua mbele, na ni pale getini, karibu na vyungu vya maua, ndipo alipoelewa amenunua nini na kwa pesa ya nani.

Alipoanza kunisimulia nilicheka. Siwezi kujizuia, nilicheka nikaegemea cherehani, nikafuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mteja. Nilipoinua uso nikaona kitu kilichonikata kicheko. Dada yangu alikuwa amekaa. Amekaa kwenye kiti, kikamilifu, mgongo umeegemea, mikono mapajani, wala mguu hautikisiki. Sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa dakika ile.

"Rudi ukamwambie ulikosea," nikamwambia.

"Nimwambie nini? Anaajiri mtu wa kulinda mfuko wake. Nikamwambie mimi wangu umenishinda kulinda?"

"Basi umwambie ulitania."

"Hakuna aliyecheka."

Hapo nilikasirika, na hasira yangu huwa haichagui. Nilimwambia amejipalia makaa, na ameyapalia kwenye kichwa cha mtoto. Nilimwambia sokoni wanamsifu kwa upumbavu. Ningetupiwa kikombe ningepata ahueni.

Jumamosi tulikwenda kwa wifi kumwona Mkia. Sebule yote ilikuwa maboksi. Wifi alikuwa anafunga sahani kwa magazeti, akatukaribisha kwa aibu kidogo, kama mwizi aliyekutwa na vitu vyake mwenyewe. Alimuuliza dada kwa macho, dada akajibu kwa kutazama pembeni, basi yakaisha bila neno. Mkia alikuwa amerefuka. Alikuwa amepewa boksi lake mwenyewe na alikuwa ameliandika jina, na ndani ameweka kandambili na mkebe wa penseli.

"Mama, huko tunakokwenda ni mbali?" aliuliza.

"Ni siku nzima kwa basi," dada akasema.

Mtoto akafikiri. Akamshika mama yake pindo la gauni, kama zamani, akasema kwa sauti ileile ya nyuma ya magunia, "Punguza."

Wifi aliacha sahani akaingia chumbani. Mimi nilijifanya natafuta kamba. Dada alimkumbatia mtoto, akatazama maboksi juu ya kichwa chake, na mguu wake wa kushoto ukaanza kugonga sakafu. Niliusikia mguu ule nikashukuru, maana mtu wangu alikuwa amerudi.

Jumatatu, kabla ya kwenda hotelini, alipitia sokoni. Shule bado ilikuwa inamdai vitunguu. Alimweleza Mama Vitunguu kila kitu, na yule mama, mpole na taratibu zake, alicheka mpaka akashika gunia asianguke. Alipomaliza akamwambia jambo lililomchoma dada kuliko yote ya Ijumaa.

"Mwanangu, unadhani miaka yote hii ulikuwa unanipunguza? Wewe unasema punguza, mimi nanyamaza. Sisemi ndiyo, sisemi hapana. Wewe kunyamaza huwezi. Unahangaika, unazunguka, unaongea, mwisho unaanza kupanda mwenyewe mpaka bei niliyoitaka tangu mwanzo. Nimesomesha watoto wangu kwa kunyamaza kwako kusikowezekana."

"Mama! Mimi?"

"Wewe. Anayeuza anataja bei yake mara moja, halafu anafyata mdomo. Leo wewe ndiye muuzaji. Nenda ukanyamaze."

Kumwambia dada yangu anyamaze na atulie ni kama kumwambia maji yapande ngazi. Lakini alikwenda.

Mkataba ulikuwa mezani, na kalamu juu yake. Meneja alimwonyesha pa kusaini. Dada hakukaa. Aliinua karatasi, akaisoma kama anavyosoma ankara ya mfanyabiashara asiyemwamini, akaiweka.

"Bei hii siyo ya mzigo huu," alisema.

Miwani ikashuka. "Si tulikubaliana? Tena mimi ndiye niliyetaka kukupa zaidi."

Dada ananiambia kwamba mpaka hapo hakujua atasema nini. Alijua tu kwamba akisema nilikosea, amekwisha. "Ijumaa nilikuonyesha sampuli," akasema. "Ulitaka kujua kama naweza kushusha bei. Nimeshusha hata ya kwangu, tena kwa nusu, na wewe mwenyewe umeona. Nani mwingine atakufanyia hivyo? Lakini sampuli haiuzwi. Sasa tuongee bei ya mzigo."

Kona ya mdomo wa meneja ilicheza. "Haya, mama," alisema. "Mzigo ni bei gani?"

"Alicholipwa Suti."

"Suti alitoka kiwanda cha saruji. Nilimkuta tayari ana mshahara mkubwa, ikabidi niuzidi. Wewe umetoka shuleni."

"Vitunguu vinatoka shuleni? Vinatoka sokoni. Na mimi natoka sokoni, hata sasa hivi nina vumbi lake."

Baada ya hapo, anasema, akafyata mdomo.

Sijui kama unaweza kuelewa ilimgharimu nini. Aliuma ulimi kwa upande, kwa meno ya nyuma. Nje mtu alikuwa anaburuta meza, na meza ile ilikwenda, ikarudi, ikaenda tena. Mara mbili neno lile lilimpanda mpaka kwenye meno, si kwa sababu alilitaka, ila kwa kuwa kimya kilikuwa kinamwasha mwili mzima. Alimfikiria Mkia na boksi lake. Akaushika ukingo wa meza ili miguu isimtoroshe.

Meneja akakohoa. "Nitakurudishia kiasi kile cha kwanza," alisema.

Dada kimya.

"Siwezi kukupa cha Suti. Wenye hoteli wataniuliza."

Kimya.

"Na nauli," meneja akasema. "Cha kwanza, na nauli ya kila siku."

"Haya," dada akasema, na sauti ilimtoka kama ya mtu aliyezibuliwa. Akasaini.

Nilidhani atarudi anaimba. Alirudi anafoka. Alibamiza mlango, akazunguka cherehani mara tatu bila kunisalimu. "Nauli ameitoa haraka mno!" alisema. "Umesikia? Haraka mno! Yule alikuwa nayo zaidi. Ningenyamaza kidogo tu, kidogo tu, ningepata na chakula cha mchana!" Nikamwambia, "Dada, umepata vyumba vitatu." Akanitazama kama nimemtukana. "Suti alipewa vinne," alisema. "Vitunguu ni vilevile." Nilijua basi kwamba wimbo ule tutauimba mpaka mmoja wetu azikwe, na kusema kweli mimi mwenyewe nilianza kuuona una haki.

Vyumba viwili tulivipata nyuma ya duka la vioo, na mwenye nyumba alipotaja kodi mimi nilimwachia dada, nikatoka nje kwa huruma. Shule zilipokwisha kufungwa na lori la wifi likiwa limepakiwa, walimleta mtoto. Wifi alikuwa amevimba macho. Alikuwa amemlea mtoto wa kaka yake kwa miaka miwili, alizijua homa zake na ndoto zake, na sikuwa tena na hamu ya kumgombeza mtu.

"Wifi, nimemleta kama tulivyosema," alisema mlangoni. "Lakini ni mkubwa sasa. Aseme mwenyewe atakaa kiasi gani. Nafasi yake kwenye lori ipo."

Mkia aliingia chumba cha ndani na begi lake begani. Alikagua. Alibonyeza kitanda, akavuta pazia nililomshonea, akageuza pindo kutazama uzi. Akapiga magoti akachungulia uvunguni, nami nikajua anatafuta cherehani. Haikuwepo. Ilikuwa kwangu, chumba cha nje, na mlango kati yetu. Akasimama, akajifuta magoti. Mama yake alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, anapumua kwa mdomo.

"Utakaa na sisi mpaka lini?" dada akauliza.

Mtoto alimtazama shangazi yake aliyekuwa analia bila sauti, akamtazama mama yake. Alitaka asimuumize yeyote. "Wiki mbili," akasema.

Niliona mdomo wa dada unafunguka. Mungu wangu, niliwaza, maana nalijua neno linalokaa pale, lina funguo zake, linatoka lenyewe. Nikasogea hatua moja nimzibe kwa kiganja.

"Ongeza," dada akasema.

Mkia akainua uso. "Mwezi mmoja."

"Ongeza."

"Mpaka shule zifunguliwe."

"Ongeza."

Mtoto akaanza kutabasamu, tabasamu la sokoni, la mtu anayejua mteja ameshanaswa. Akaweka mkono kiunoni. "Haya, mama. Mwisho ngapi?"

Dada hakutaja. Aliachia fremu ya mlango, akaingia, akakaa kitandani, akalivuta begi la mtoto mapajani, akaanza kutoa nguo moja moja.